Pungu wa Bahari na Inyamanza wa Vilima: Historia ya Majina Mawili ya Wanyama na Nafasi ya Burundi katika Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha wanyama wawili ambao hawakutani: pungu, samaki wa jamii ya taa anayeishi katika Bahari ya Hindi, na inyamanza, ndege mwimbaji mweusi na mweupe anayetembea katika nyua za Burundi. Ulinganisho huu ni wa kihistoria. Unafuata jinsi jina la kila mmoja lilivyozaliwa, lilivyoingia au kutoingia katika sayansi na kamusi, na lilivyosafiri au kutosafiri kati ya pwani na bara. Miji ya Gitega na Muyinga imechaguliwa kwa sababu Kiswahili kiliifikia kwa njia mbili tofauti: Gitega kwa njia ya utawala, Muyinga kwa njia ya mpaka na biashara, na baadaye kwa kurejea kwa wakimbizi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili Sanifu kilifika Burundi kikiwa kimebeba bahari ndani yake, lakini hakikupewa nafasi ya kupokea vilima na mabonde kwa malipo. Pengo hilo lilitokana na uamuzi wa kihistoria, halikutokana na maumbile ya lugha. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa wanaoandaa kamusi, mitaala na sera za lugha.

1. Utangulizi

Neno *taa* katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Ni chombo cha kutoa mwanga, ni utii, na ni samaki bapa mwenye mkia mrefu kama mjeledi. Kwa mwanafunzi wa Lamu au Bagamoyo, maana ya kwanza na ya tatu huishi pamoja bila kugombana: taa moja huning'inizwa barazani, nyingine hutandazwa juu ya meza ya mnadani sokoni. Kwa mwanafunzi wa Gitega, neno hilo humpeleka mahali pamoja tu. Kirundi kina *itara*, maana yake ni taa ya mwanga, na kufanana kwa maneno hayo mawili humtosheleza. Samaki hayumo katika picha anayoichora.

Hali hiyo si kosa la mwanafunzi. Gitega iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Hata Ziwa Tanganyika, ambalo ni bahari ya Warundi kwa maana ya riziki na ukubwa, halina taa. Inafaa kukumbuka kwamba wanasayansi waliwahi kubishana kwa dhati kama ziwa hilo lilikuwa mkono wa bahari. Mwaka 1883 Richard Böhm alikuta humo kiwavi wa maji, mnyama laini anayefahamika zaidi baharini. Ugunduzi huo ulimfanya J. E. S. Moore aongoze safari za utafiti mwishoni mwa miaka ya 1890 na kuchapisha mwaka 1903 kitabu kilichotetea asili ya kibahari ya ziwa. Nadharia yake haikudumu. Uchunguzi wa samaki wa ziwa hilo, ambao G. A. Boulenger aliufanya London, haukumuunga mkono: samaki wake walikuwa wa jamii za maji baridi na ndugu zao wa karibu. Mrundi wa kando ya ziwa ana ndagala, mukeke na sangala. Hana taa wala pungu.

Swali la makala haya, basi, ni hili: lugha inayofundisha jina la samaki ambaye mwanafunzi hatamwona, je, inalijua jina la ndege anayemwona kila asubuhi? Na kama hailijui, ni kwa sababu gani za kihistoria?

2. Pungu: jina lililotoka majini

Wavuvi wa pwani hawamwiti kila samaki bapa *taa* wakaridhika. Wana *nyenga*, mwenye mwiba wa sumu mkiani, na wana *pungu*, ambaye haogelei kwa kupepea kingo za mwili wake chini ya mchanga bali hupiga mabawa mawili yaliyochongoka, akipita katikati ya maji kama anayeruka. Sayansi humwita *Aetobatus ocellatus*. Mgongo wake ni mweusi wenye madoa meupe, upana wake unaweza kuzidi mita 2, na meno yake ni sahani ngumu zinazoponda kombe na chaza. Huzaa watoto hai, wachache sana kwa uzao mmoja. Kwa hiyo nyavu zikizidi, idadi yake hupungua haraka na huchukua muda mrefu kurudi.

Jina *pungu* lina jambo la kuvutia kwa mwanahistoria wa lugha. Kiswahili hulitumia pia kwa ndege mla nyama wa jamii ya tai. Jina moja limewekwa juu ya viumbe wawili kwa sababu ya mabawa: mmoja hupaa angani, mwingine hupaa majini. Wataalamu wa Ulaya walifikia ulinganisho uleule kwa njia yao wenyewe. Sehemu ya kwanza ya jina *Aetobatus* inatokana na neno la Kigiriki la tai, na taa mwingine wa ukoo huo wa karibu aliitwa na Linnaeus mwaka 1758 kwa neno la Kilatini la ndege huyohuyo. Mvuvi wa Pate na mwanazuoni wa Uppsala hawakusoma daftari moja. Waliangalia kiumbe wa aina moja wakaona ndege.

Historia ya jina la kisayansi la pungu ina funzo jingine. Kwa muda mrefu pungu wa Bahari ya Hindi alihesabiwa kuwa sawa na yule wa Atlantiki, aliyeitwa *Aetobatus narinari* na Euphrasen mwaka 1790. Neno *narinari* si la Kilatini wala la Kigiriki. Lilitoka kwa wenyeji wa Brazili, likaandikwa katika kitabu cha Georg Marcgrave kilichochapishwa mwaka 1648, kisha likaingia katika orodha za sayansi. Ni karibu mwaka 2010 ndipo watafiti walipowatenganisha wawili hao kwa uthabiti, na wa kwetu akarudishiwa jina alilopewa na Kuhl mwaka 1823. Kwa muda wa kizazi baada ya kizazi, samaki wa Zanzibar na Mombasa alijulikana vitabuni kwa neno la wenyeji wa Brazili. Jambo hili linathibitisha kwamba neno la wenyeji linaweza kuwa istilahi ya dunia. Kinachohitajika ni mtu wa kuliandika na taasisi ya kulipokea.

Kiswahili kilifanya hivyo kwa wanyama wa bahari. Kamusi ya Ludwig Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ilitokana na makazi yake pwani, hasa Mombasa na Rabai. Charles Sacleux, mmisionari aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alikusanya msamiati wa lahaja za pwani na visiwa kwa miongo kadhaa kabla ya kamusi yake kuanza kutoka Paris mwaka 1939. Wakusanyaji hawa waliishi penye mashua na nyavu. Maneno ya samaki yaliwajia mlangoni.

3. Inyamanza: jina lililokaa uani

Inyamanza ni jina ambalo Kirundi na Kinyarwanda hulitumia kwa ndege mdogo mwenye rangi mbili, nyeusi na nyeupe, mstari mweupe juu ya jicho na mkia mrefu usiotulia. Sayansi humwita *Motacilla aguimp*. Ni mmoja wa ndege waimbaji kwa maana kamili ya kielimu, na wimbo wake ni wa wazi na wa kubadilikabadilika. Hupenda kando ya maji, lakini hupenda pia makazi ya watu: hutembea juu ya paa, penye kisima, kwenye uwanja wa shule, akidonoa wadudu waliofuata ng'ombe na taka za jikoni. Watu wa Maziwa Makuu wamemtazama kwa karibu. Waganda humwita *nnamunye*. Nchini Rwanda ukoo wa Abagesera humhesabu inyamanza kuwa alama yake, na heshima hiyo inamtoa ndege huyu katika kundi la wanyama wa kawaida na kumweka katika historia ya koo na ardhi.

Hapa ndipo ulinganisho na pungu unapoanza kuzaa matunda. Pungu yuko mbali na mwanadamu, humfikia tu akiwa amekufa au amenaswa. Jina lake limehifadhiwa na wataalamu wachache, yaani wavuvi. Inyamanza yuko karibu mno. Jina lake liko kinywani mwa kila mtoto. Mtu angetarajia kwamba jina la wote ndilo lingeingia kwa urahisi katika lugha ya kikanda, na la wachache ndilo lingepotea. Imekuwa kinyume. Jina la wavuvi limo katika kamusi za Kiswahili. Jina la watoto wa vilima limebaki katika Kirundi, ambako limetunzwa vema, likiwa sehemu ya hazina iliyokusanywa na watafiti kama F. M. Rodegem, ambaye kamusi yake kubwa ya Kirundi na Kifaransa ilitoka Tervuren mwaka 1970.

Sayansi nayo haikumtendea inyamanza kama ilivyomtendea pungu wa Atlantiki. Dumont alipompa jina mwaka 1821, alilichukua kutoka kwa François Levaillant, msafiri aliyeandika juu ya ndege wa kusini mwa Afrika na kuwapa wengi wao majina ya Kifaransa aliyoyabuni. Kwa hiyo samaki alibeba neno la wenyeji wa nchi ya mbali, na ndege akabeba neno la mgeni. Hakuna aliyebeba jina la jirani zake wa Afrika Mashariki. Tofauti hiyo haikutokana na uzuri wa lugha moja au upungufu wa nyingine. Ilitegemea nani aliyekuwa ameshika kalamu, na alimsikiliza nani.

4. Njia ya Gitega: Kiswahili cha boma

Kiswahili kilikaribia Burundi kupitia Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara wa misafara walijenga mawasiliano ziwani, lakini utawala wa Mwami Mwezi Gisabo ulizuia majaribio ya Rumaliza na wenzake ya kupenya hadi vilimani. Kwa sababu hiyo, tofauti na Tabora, bara la Burundi halikupata mji wa misafara wa kukuza Kiswahili katikati yake wakati wa karne ya 19. Neno lilibaki ufukoni.

Mlango wa vilimani ulifunguliwa na Wajerumani. Baada ya Mkataba wa Kiganda wa Juni 1903, uliomlazimisha Mwezi Gisabo kukubali mamlaka yao, nguvu zao zilisogea ndani. Mwaka 1912 makao ya utawala wa Urundi yalihamishiwa Gitega, wakati huo ikiandikwa Kitega. Utawala wa Afrika Mashariki ya Wajerumani ulikuwa umezoea kutumia Kiswahili kwa askari, makarani na wafanyabiashara; lugha hiyo ikapanda mlima pamoja na boma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Gitega, na mwaka 1925 Ruanda-Urundi ikaunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Kifaransa kikachukua ofisi, na wamisionari, ambao walikuwa wamefungua Mugera karibu na Gitega tangu 1899, wakaendelea kukipendelea Kirundi kanisani na katika madarasa ya mwanzo. Kiswahili kikabaki cha mtaa wa wafanyabiashara, soko na kambi.

Maneno yaliyoingia Kirundi yanasimulia historia hiyo kwa uaminifu kuliko hotuba yoyote. Kirundi kina *isabuni*, *ameza*, *isaha*, *idirisha*, *umusumari*. Kina *ishure*, neno ambalo mzizi wake ni wa Kijerumani na ambalo Kiswahili kilikuwa kimelipokea kama *shule*. Haya ni maneno ya duka, nyumba na ofisi. Kila neno lilifika na kitu chake mkononi. Sabuni ilikuja, neno likaja; dirisha likajengwa, neno likakaa. Pungu hakupandishwa mlimani, na neno lake halikupanda. Hakuna la ajabu hapo.

La kujiuliza ni upande wa pili wa mizani. Boma la Gitega lilihitaji Kirundi kila siku: majina ya vilima, ya mazao, ya mifugo, ya vyeo. Waswahili wa mji waliyatumia majina hayo katika mazungumzo. Lakini hakuna karani wala mmisionari wa Gitega aliyekuwa na njia ya kuyapeleka maneno hayo Zanzibar ili yaandikwe kuwa Kiswahili. Biashara ya maneno ilikuwa na njia ya kuingia tu.

5. Njia ya Muyinga: Kiswahili cha mpaka

Muyinga ina historia nyingine. Iko kaskazini-mashariki, kwenye barabara inayoelekea Kobero na kuvuka mpaka hadi Kabanga na Ngara, Tanzania. Kusini-mashariki yake ni bonde la Ruvubu, mto unaopokea maji ya Ruvyironza karibu na Gitega kabla ya kuelekea kaskazini-mashariki na hatimaye kuingia Kagera. Kwa njia ya mto, basi, Gitega na Muyinga ni miji ya bonde moja. Kingo za mto huo, ambazo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, zina mafunjo ambayo Kirundi huyaita *urufunzo*. Kufanana kwa *funjo* na *urufunzo* kunatukumbusha kwamba Kiswahili na Kirundi ni lugha za Kibantu, na kwamba chini ya tofauti zao kuna hazina ya pamoja.

Katika Muyinga, Kiswahili hakikuhitaji boma ili kiishi. Kilihitaji lori, mizani ya soko na ndugu ng'ambo ya mpaka. Kisha kikaja kwa njia ya maafa. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwafukuza Warundi wengi hadi Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalianzishwa. Vita vilivyofuata mauaji ya 1993 vikajaza kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu. Katika makazi ya mwaka 1972 watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania, na lugha ya kufundishia shule ya msingi ilikuwa Kiswahili. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na hasa mapigano yalipopungua, familia nyingi zilirejea. Waliorudi walikuta shule zenye Kirundi na Kifaransa. Kwa watoto waliozaliwa ng'ambo, lugha ya kujifunzia waliyoizoea ilikuwa sasa lugha isiyotumika darasani.

Kwa hoja yetu, watoto hao ni mashahidi muhimu. Hao ndio Warundi waliosoma *taa* kama samaki, kwa sababu msamiati wa shule ya Tanzania ulikuwa umejaa pwani. Wakati huohuo walisikia *inyamanza* nyumbani, kutoka kwa bibi na wazazi. Walibeba majina yote mawili katika kichwa kimoja. Hata hivyo shule ya ng'ambo haikuwa na nafasi ya jina la pili, na shule ya nyumbani, kwa miaka mingi, haikuwa na nafasi ya lugha ya jina la kwanza. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa amepungukiwa mara mbili, ilhali alijua zaidi ya mtaala wowote kati ya hiyo miwili.

6. Mwaka 1930 na waliokuwapo mezani

Kwa nini lugha ya kikanda ilipokea maneno kutoka upande mmoja? Jibu la kwanza ni jiografia: Kiswahili kilizaliwa pwani. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu lugha hukua zaidi ya mahali ilipozaliwa. Jibu la pili ni la kitaasisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na wanachama wake walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Kazi yake ilizaa kamusi sanifu zilizosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939. Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwa na kiti.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Kamati haikukataa maneno ya Gitega na Muyinga, haikuulizwa kuyahusu. Mpaka wa wakoloni wawili uligeuka kuwa mpaka wa kamusi. Kazi ya kitaifa ya baadaye huko Dar es Salaam, ambayo ilizaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilirithi msingi huo na kuupanua kwa mahitaji ya Tanzania. Nayo haikuwa na sababu ya kisiasa ya kusimama Kobero na kuuliza jina la ndege.

Urithi huo unaonekana pia katika namna ya kufasili. Msomaji wa kamusi za Kiswahili amezoea kukuta maelezo mafupi ya *aina ya samaki* au *aina ya ndege*. Kwa msomaji wa pwani maelezo hayo hukamilishwa na macho yake: amemwona pungu, anahitaji tu kukumbushwa. Kwa msomaji wa Muyinga, *aina ya samaki* haiwezi kutofautisha pungu na mukeke. Ufasili huo uliandikwa kwa kudhani kwamba msomaji yuko karibu na bahari. Dhana hiyo haikuwa kosa mwaka 1939, wakati lugha ilipohudumia nchi nne. Leo inahudumia jumuiya inayofika hadi mwambao wa Atlantiki wa Kongo.

7. Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili Sanifu hakiwezi kumeza majina yote ya wanyama wa lugha zote za kanda bila kuvimbiwa. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba lugha imekwisha kufanya hivyo kwa upande mmoja. *Pungu* na *nyenga* ni maneno ya kitaalamu ya jamii ndogo ya wavuvi, na hakuna aliyelalamika kwamba yanailemea lugha. Tukikubali neno linalojulikana na wavuvi wa mwambao, hatuna hoja ya kukataa neno linalojulikana kwa mamilioni ya watu wa vilima.

Wengine watasema kwamba majina mengi kwa kiumbe mmoja yataleta vurugu. Mfano upo tayari: samaki yuleyule wa Ziwa Tanganyika, *Lates stappersii*, huitwa mukeke Bujumbura na mgebuka Kigoma. Lakini vurugu hiyo ipo sokoni iwe imeandikwa au haikuandikwa. Mshauri wa sera anayepanga takwimu za uvuvi za nchi zinazochangia ziwa moja anahitaji kujua kwamba safu mbili katika ripoti mbili ni samaki mmoja. Kamusi inayoandika majina yote mawili, kila moja na mahali pake, pamoja na jina la kisayansi, hupunguza vurugu. Ile inayonyamaza huiacha iendelee.

Mfano wa samaki wa ziwa unatufundisha pia namna ya kupokea. *Indagara* ya Kirundi imekuwa *ndagala* katika Kiswahili cha Burundi. *Umukeke* imekuwa *mukeke*. Wazungumzaji wenyewe wameondoa irabu ya mwanzo na kuliweka neno katika upatanisho wa viumbe hai. Kwa kanuni hiyohiyo *inyamanza* huwa *nyamanza*: nyamanza anaimba, nyamanza wanaimba. Hakuna jopo linalohitajika kubuni neno. Kanuni imekwisha kutungwa sokoni; kinachobaki ni kuithibitisha.

8. Hitimisho na mapendekezo

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mkataba wa Jumuiya, katika ibara ya 137, uliagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao Zanzibar, na Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Gitega, iliyofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, si tena boma la mbali linalopokea lugha ya watawala. Kiti ambacho hakikuwapo mwaka 1930 sasa kipo. Swali ni kama atakayekikalia atakuja na maneno yake au atakuja kusikiliza tu.

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, taasisi za Kiswahili za kanda ziandae kamusi ya wanyama na mimea yenye jina la Kiswahili Sanifu, majina ya nchi husika, jina la kisayansi, picha na mahali kiumbe anapoishi. Pili, vyuo vya ualimu na shule za Gitega na Muyinga vishirikishwe katika kukusanya majina hayo. Bonde la Ruvubu, linaloiunganisha miji hiyo miwili, linafaa kuwa eneo la majaribio. Waliorejea kutoka Tanzania, wanaojua lugha zote mbili tangu utotoni, wapewe nafasi ya kwanza katika kazi hiyo. Tatu, vitabu vya kiada vya Kiswahili nchini Burundi vianze na viumbe vya karibu kabla ya vya mbali, na vinapofika kwa viumbe vya bahari vitumie ulinganisho ambao lugha yenyewe imekwisha kuufanya. Mwanafunzi aliyewahi kuona tai akipaa juu ya Ruvubu anaweza kuelezwa pungu wa baharini akamwelewa, kwa sababu jina lenyewe linamwambia: ni mabawa ndani ya maji. Nne, wahariri wa kamusi waache kuridhika na *aina ya samaki* na *aina ya ndege*, kwa sababu msomaji wao hajulikani tena anaishi wapi.

Ulinganisho wa pungu na inyamanza unaonyesha kwamba neno la mahali padogo linaweza kufika mbali likipata mwandishi, na kwamba neno la watu wengi linaweza kubaki nje likikosa kiti. Gharama ya hali hiyo hulipwa darasani. Mtoto anayefundishwa kwamba Kiswahili kina jina la kila kitu cha pwani, lakini hakina jina la ndege aliye mbele ya dirisha lake, hujifunza jambo ambalo halikuandikwa kwenye mtaala: kwamba lugha hii ni ya watu wengine. Sera ya lugha inayotaka Kiswahili kiwe cha Warundi haina budi kuanza kwa kulifuta somo hilo.